Mbwa wangu akiona kamera anageuza shingo, na Jumamosi ijayo tuna sesheni ya picha. Namuandaaje?

#1 BintiMkaidi
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada maana zimebaki siku tisa tu. Nina mbwa jike anaitwa Mkaa, mweusi tii, ana miaka mitatu. Ukikaa naye nyumbani ana mapozi yote unayoyajua wewe, anakaa kimalkia, anainamisha kichwa, sikio moja juu moja chini, mpaka unasema mwenyewe hii ndo picha yenyewe. Sasa toa simu. Hapohapo uso ukutani. Ukihamia upande wa pili na yeye anarudi upande wa kwanza, anaramba pua, anapiga mwayo, kama hakujui vile. Nina picha za kisogo cha huyu mbwa zinakaribia mia mbili.

Mpiga picha nimeshamlipa, ni studio, taa na mambo yote. Kwanini wanafanya hivi, na kuna cha kufanya ndani ya siku tisa au nikubali tu hasara?

#2 Sina Habari
Uzi wa mbwa hauna picha ya mbwa. Weka hata hiyo ya kisogo tuone.

#3 BintiMkaidi
Nimeiweka hapo juu. Ile nyeusi pembeni ya mto wa kochi ndo yeye.

#4 Kichwa Ngumu
Mi naona mito miwili.

#5 Mzee wa Fremu
Pole sana bibie. Napiga picha za wanyama, sio kila siku ila mara za kutosha kung'atwa mara mbili. Hiyo unayoielezea ni kawaida kabisa. Kwa mbwa kukodoleana macho ni shari, mbwa wawili wasiojuana wakitazamana bila kupepesa ujue kuna vumbi linakuja. Sasa lenzi ni nini? Ni jicho moja, kubwa, jeusi, halipepesi, halafu linamsogelea. Akigeuza shingo anakuambia mi sitaki ugomvi na wewe.

Dawa yake kuanzia leo simu iwe inatoka pamoja na kitu kitamu. Simu juu, anapewa kipande. Simu chini, hamna kipande. USIPIGE PICHA. Hapa ndo watu wanapoharibu, siku ya kwanza tu wameshaanza kubonyeza. Dakika mbili mbili mara nne kwa siku zinatosha. Siku ya tatu ndo weka mlio wa shata, ule wa kamera ikipiga picha, mlio unatangulia halafu kipande, sio kipande halafu mlio. Na kama kuna mtu ana kamera kubwa muazime hata mbovu, ilaze sakafuni aichunguze na kuinusa wee mpaka aichoke.

#6 Pua Baridi
Mzee wa Fremu hapo kwenye jicho sikubaliani na wewe. Wangu ukiiweka simu kwenye rafu ukaacha inarekodi yenyewe hana habari nayo, anaipita mbele, anajikuna, anafanya mambo yake. Lenzi si ileile? Shida inaanza MTU akiishika. Mi naamini kinachomkera ni wewe kuficha uso. Mbwa anausoma uso wako siku nzima, ghafla pale penye uso pamekuwa kibao, hajui umekasirika au umefurahi. Mleta uzi fanya hivi, shika simu usawa wa kifua uso uwe wazi, uje utuambie.

#7 Tumbili Mstaarabu
Nyote mmekosea, ni SAUTI. Binadamu tunaishia kama hertz 20,000, mbwa anafika karibu 45,000. Zile flashi za studio zikijichaji zinatoa kamlio kembamba, sisi tunakasikia kidogo au hatukasikii kabisa, yeye kwake ni kama mbu sikioni. Nyumba nzima imejaa milio tusiyoisikia, halafu tunasema mbwa mkorofi.

#8 Mzee wa Fremu
Tumbili hiyo ya flashi za studio inawezekana sana, ila rudi usome post namba 1. Mleta uzi anatumia simu, na taa ya simu ni LED, haijichaji kama flashi. Halafu anasema mbwa anageuka simu ikitoka tu, hata kabla haijapigwa. Sauti gani hapo?

#9 Tumbili Mstaarabu
Sauti ya zipu ya mkoba. Sijashindwa bado.

#10 Dkt Makucha
Nakazia jambo moja ambalo limepitwa juujuu. Kuramba pua wakati hakuna chakula, kupiga mwayo wakati hana usingizi, kugeuza shingo, sehemu nyeupe ya jicho kuonekana pembeni, masikio kulala nyuma, vyote hivyo ni mbwa anayesema sina raha. Sio maringo. Akionyesha viwili vitatu kwa mpigo acha, mpe nafasi, anza tena baadaye kwa umbali mkubwa zaidi. Mbwa anayekunja mdomo na kung'ata mara nyingi alikuwa ameshasema kwa njia hizo za upole, hakusikilizwa tu.

Na la mwisho, kuhusu nani anamkera nani: kuna jaribio la Belfast, Ireland Kaskazini, lililotoka 2022, mbwa wanne walinusishwa jasho na pumzi za watu, sampuli za kabla na za baada ya kuhenyeshwa hesabu za kichwani. Wakaitambua ya mwenye stresi zaidi ya mara 9 katika 10. Kwa hiyo dada BintiMkaidi, hizo siku tisa unazozihesabu kwa hofu, Mkaa anaweza kuwa anazinusa.

#11 BintiMkaidi
Duh. Sasa na hofu ya kunuswa hofu nayo imeongezeka.

#12 Kichwa Ngumu
Dokta umemtibu au umemmaliza?

#13 BintiMkaidi
Asanteni, nimeshaanza zoezi la simu na vipande. Swali lingine, kuoga. Nimuogeshe asubuhi ileile ang'ae au?

#14 Nyoya
Hapa ndo kwangu. Mi kinyozi wa mbwa. USIMUOGESHE ASUBUHI ILEILE. Mbwa akitoka kuoga manyoya yanasimama hovyo, yanakuwa mepesi kama pamba, na mweusi anapoteza ule mng'ao maana mafuta yake ya asili yameondoka na povu. Siku moja au mbili kabla inatosha, manyoya yanakuwa yameshalala. Kama ni wa manyoya ya kujikunja anayehitaji kunyolewa basi iwe wiki moja kabla, mashine inaacha mistari na kamera inaiona yote.

Tumia shampuu ya mbwa, sio yako. Ngozi yetu ina asidi kuliko yao, ya kwetu inawakausha. Kucha kata siku kadhaa kabla sio siku hiyo, ukimkata kwa bahati mbaya akatoka damu umeshaharibu siku. Asubuhi yenyewe ni brashi tu, kitambaa chenye unyevu pembe za macho utoe matongo, na kidevu.

Halafu kitu ambacho wateja wote wanasahau, KOLA. Mvue usiku wa kuamkia siku hiyo kama analala ndani. Kola aliyoivaa miezi inaacha mfereji shingoni, manyoya yamelala kama pete, na ukiivua palepale studio ule mfereji unabaki kwenye kila picha. Ukishaivua chukua brashi, piga kinyume cha manyoya halafu rudisha.

#15 Kimya Kingi
Nyoya siku zote nakubali unachosema ila mi wangu nilimuogesha siku mbili kabla kama unavyoshauri, na ndani ya hizo siku mbili alipata muda wa kutosha kutafuta mzoga wa panya nyuma ya nyumba akaulalia, chali, miguu juu, anajisugua shingo kwa raha zake. Nikamuogesha tena saa moja kabla, tukafika studio mbwa bado mbichi. Picha zake anafanana na brashi ya choo.

#16 Nyoya
Hahaha pole. Ndo tabia, akitoka kuoga hajisikii yeye, anatafuta harufu. Baada ya kuoga akitoka nje atoke na kamba.

#17 Pua Baridi
Wengine wanasema sio kwa sababu ya kuoga, ni urithi wa kuficha harufu wakati wa kuwinda. Wengine wanasema anawaletea wenzake habari ya alichokiona.

#18 Kichwa Ngumu
Kwa hiyo Kimya Kingi alikuwa analetewa habari.

#19 Sina Habari
Mkaa atavaa nini? Mi ningemvalisha kitambaa chekundu shingoni. Mbwa mweusi na nyekundu, hapo umemaliza. Yeye mwenyewe haoni rangi, mbwa wanaona nyeusi na nyeupe tu.

#20 Kimya Kingi
Hiyo ya nyeusi na nyeupe ilishapitwa. Wanaona rangi ila chache, bluu na njano wanaziona vizuri, nyekundu na kijani ndo zinawachanganya, nyekundu kwake inakuwa kama kahawia iliyochafuka. Kitambaa mvalishe unachotaka maana unakiangalia wewe. Ila mpira wa kumchangamsha usichukue mwekundu halafu urushe kwenye majani, utamuona anaufuata kwa pua wakati wewe unauona kabisa. Chukua wa bluu au njano.

#21 Mzee wa Fremu
Naunga mkono #20. Na nirudi kwenye weusi wa Mkaa maana ndo kesi halisi hapa.

Kamera haijui kama hiki ni mbwa. Ikipima mwanga yenyewe inachukulia kila kitu mbele yake kwa wastani ni kijivu. Mbwa mweusi akijaa fremu yote inasema pana giza, inaongeza mwanga, Mkaa anageuka majivu. Akiwa mdogo kwenye fremu na nyuma kuna kochi jeupe kama lile ulilotuwekea, inasema pana mwanga mwingi, inapunguza, Mkaa anakuwa shimo. Ule mto wa pili wa Kichwa Ngumu umetokea hivyo. Kwenye simu gusa kidole juu ya mbwa mwenyewe kisha telezesha kale kajua juu au chini mpaka uone manyoya. Wenye mbwa weupe kinyume chake, wakijaa fremu wanatoka wameparara kama nguo ya mtumba, ongeza mwanga.

Mpiga picha wa kueleweka anayajua haya, lakini mwambie mapema rangi ya mbwa. Mweusi anataka mwanga wa ubavuni, kama wa dirisha, ili manyoya yatoe mistari ya kung'aa. Na jicho lazima liwe na kanukta ka mwanga ndani yake, bila kanukta hata awe mzuri vipi utaona pua na ulimi tu. Flashi ya usoni moja kwa moja hapana, mbwa wana kitu kama kioo nyuma ya jicho kinachowasaidia usiku, kinarudisha mwanga, utaondoka na jini la macho ya kijani.

#22 BintiMkaidi
Mzee umetisha. Nimejaribu hilo la kugusa kidole. Kumbe ana nyusi!

#23 Kichwa Ngumu
Miaka mitatu.

#24 Babu wa Lenzi
Nimechelewa. Vijana mnaangaika na kugeuza shingo, kuna Mmarekani William Wegman kaishi mjini kwa kupiga picha mbwa wake aina ya Weimaraner, tangu miaka ya 1970, anawavalisha, anawapandisha juu ya viti, na wametulia kama masanamu. Wa kwanza aliitwa Man Ray.

#25 Sina Habari
Babu unachanganya, Man Ray alikuwa mpiga picha, mtu, sio mbwa.

#26 Babu wa Lenzi
Wote wawili kijana. Mtu alikuwepo kwanza, mbwa akapewa jina lake. Babu hachanganyi.

Nilichotaka kusema, yule mbwa alikuwa na kazi. Kila siku kamera ilikuwa mchezo wao wawili. Wa kwenu kamera inatoka kwenye birthday tu halafu mnashangaa. Na kuna mwingine, marehemu Elliott Erwitt, alipenda sana kupiga mbwa, yeye mbinu yake alikuwa anawabwekea. Mbwa anashtuka, anamtazama mtu anayebweka, picha inapatikana.

#27 Tumbili Mstaarabu
SAUTI. Nilisema mimi.

#28 Mzee wa Fremu
Sauti ya kumuita hiyo nakubali, ila kuna ujanja. Kile kidoli cha kukamua kinacholia kwii usikitoe mwanzoni. Kina nguvu mara tatu nne tu halafu anaanza kukitaka mdomoni, na hapo ndo mwisho wa pozi. Anza na kidogo kabisa, kusugua karatasi, kugonga ulimi, pumzi ya puani. Na jina lake liache kabisa siku hiyo. Nilikuwa na familia moja, baba, mama na watoto watatu, wote nyuma yangu wanaita jina moja kwa mpigo huku wanapiga makofi. Yule mbwa akatazama kushoto, kulia, juu, akainuka, akaja akaingia chini ya stuli yangu akakaa humo. Nusu saa. Mtu mmoja tu ndo anayeita, na kichwa chake kiwe juu kidogo ya lenzi.

#29 Nyoya
Na chakula? Nimesikia wengine wanawalaza njaa ili wafuate vipande.

#30 Dkt Makucha
Kulaza njaa hapana. Mpe mlo mdogo kuliko kawaida, saa mbili tatu kabla, ili ashibe kiasi na vipande bado viwe na thamani. Mlo mkubwa halafu mbio za kutafuta picha ya kuruka sishauri, hasa kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, tumbo kujaa gesi na kujipinda kwao ni dharura ya kuua. Vipande viwe vidogo kama punje ya mahindi, laini, vya kumeza mara moja, akitafuna sekunde kumi umekosa sekunde kumi. Chokoleti, zabibu na chochote chenye xylitol, ile inayotiwa badala ya sukari, ni sumu kwake. Wale wanaompaka siagi ya karanga puani ili atoe ulimi wasome kopo kwanza, baadhi zinatiwa hiyo xylitol.

#31 Pua Baridi
Na kumchosha je? Mi wangu nampeleka mbio kwanza, akitulia ndo tunaanza.

#32 Mzee wa Fremu
Mbio za kumaliza utukutu sawa, halafu apumzike. Akija moja kwa moja anahema, ulimi nje nusu mita, macho yamesinyaa. Wenye mbwa wanasema anatabasamu. Anapoa tu, hana jasho la maana zaidi ya kwenye nyayo.

#33 Babu wa Lenzi
Mi nawapenda wakihema. Picha ya mbwa aliyefunga mdomo inafanana na ya kitambulisho.

#34 BintiMkaidi
Mrejesho wa siku ya tano. Zoezi la Mzee wa Fremu limefanya kazi, limefanya mpaka limepitiliza. Sasa hivi nikishika simu kwa sababu YOYOTE Mkaa anakuja mbio, anakaa mbele yangu, anakodoa, anadondosha mate. Jana mama kapiga tumeongea nusu saa, nusu saa hiyo nafuta sakafu kwa mguu. Usiku nimeweka alamu, imelia asubuhi nafungua macho pua yake iko hapa.

Pua Baridi na yako nimejaribu, simu kifuani uso wazi, na yenyewe alinitazama. Kwa hiyo sijui nani kashinda maana nilikuwa nimeshampa vipande siku tatu.

#35 Pua Baridi
Kashinda wa uso wazi.

#36 Tumbili Mstaarabu
Na ile ya kuinamisha kichwa anafanya? Hiyo ni masikio yanatafuta sauti inatoka wapi.

#37 Kimya Kingi
Wengine wanasema pua ndefu inamzuia kuona mdomo wako ndo maana anainama achungulie. Halafu watafiti wa Hungary 2021 waliwapima mbwa wanaojua majina ya midoli yao, wale wenye kipaji walikuwa wanainamisha kichwa asilimia 43 ya mara walizoambiwa walete kitu, wa kawaida asilimia 2. Inaonekana kama wanakumbuka jambo.

#38 Kichwa Ngumu
Wangu hainamishi kabisa. Asante kwa taarifa.

#39 BintiMkaidi
Tumerudi wakuu. Kola ilivuliwa, kuoga Alhamisi, nusu mlo, vipande vya kuku. Mbwa alikaa! Dakika ishirini na tano, hakugeuza shingo hata mara moja, hakupiga mwayo. Kamba ilikuwepo muda wote, nyembamba, mpiga picha aliniambia niivute juu isipite kifuani, akapiga na fremu moja tupu bila mbwa ili baadaye aifute hiyo kamba kwenye picha. Manyoya yanang'aa, nyusi zipo, kanukta ka jicho kapo.

Tatizo moja. Karibu picha zote hatazami kamera. Anatazama kushoto, juu kidogo, palepale, kwa upole, kama anasikiliza hotuba. Kidoli kililia mara tatu, akageuka mara tatu, akarudi kushoto.

#40 Sina Habari
Picha.

#41 BintiMkaidi
Nimeweka nne.

#42 Sina Habari
Aisee. Ndo kwanza naona huyu mbwa ana uso.

#43 Tumbili Mstaarabu
Mzuri sana. Swali dogo tu, flashi ilisimama upande gani?

#44 BintiMkaidi
Kushoto.

#45 Tumbili Mstaarabu
Sisemi kitu.

#46 Pua Baridi
Ngoja kwanza. Na wewe ulisimama wapi? Si uliambiwa nyuma ya lenzi?

#47 BintiMkaidi
Nilianzia hapo. Akasema natia kivuli, nikasogea kushoto.

#48 Mzee wa Fremu
Begi la vifaa alilitua wapi? Kama ana mbwa kwake lile begi linanuka mbwa mwingine.

#49 BintiMkaidi
Mezani. Kushoto.

#50 Dkt Makucha
Na mlango wa kutokea?

#51 BintiMkaidi
Dokta usinifanyie hivi.